Kilio cha Aya ya Mwisho

Mimi subira sina, na sijawahi kudai kwamba ninayo. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, na mdogo wangu akazaliwa ili aje kuniombea radhi kwa watu. Anayetaka habari hii isimuliwe kwa upole amtafute mdogo wangu. Mimi nitaisema kama ilivyonikaa rohoni.

Mdogo wangu ana mtoto mmoja tu, msichana, tunayemwita Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema hajanyamaza. Chiriku ana saratani ya damu. Dawa yake huingia kwa dripu, raundi baada ya raundi, na kila raundi ikiisha mwili unabaki hauna kinga kabisa. Homa ikimshika wakati huo haingoji. Daktari alituweka chini akatuambia bila kumung'unya maneno: akichemka, afikishwe wodini papo hapo atundikiwe dawa, la sivyo tutampoteza kwa jambo ambalo mtoto mwingine angepiga chafya likaisha. Sasa, kwa mdogo wangu ni safari ya kutwa nzima. Kwangu ni chumba kimoja ng'ambo ya mji, na barabara ya huko ikishikwa na foleni, hata gari la wagonjwa linapiga kelele limesimama. Ndiyo maana mama na mtoto wakakaa kwenye nyumba ya chama chetu cha wanaouguza watoto wenye saratani.

Nyumba yenyewe ilijengwa zamani kwa ajili ya wauguzi. Inatazamana na lango la hospitali, barabara tu iko katikati. Ina vyumba vinne, magodoro yaliyopangwa ukutani, jiko moja linalogombaniwa asubuhi, na uani kamba ya nguo iliyojaa vilemba vidogo vya watoto waliopukutika nywele. Chama kinachoiendesha ni watu wa kuhesabika kwenye vidole vya mkono. Mwenyekiti ni mwalimu mkuu mstaafu, aliyewahi kumuuguza mjukuu wake akilala naye kwenye baraza la hospitali kabla nyumba haijapatikana, na akamzika. Mweka hazina ni muuguzi mstaafu, sote tunamwita Nesi. Katibu ni mimi, kwa sababu nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, na watu wakikuona unagonga kompyuta upesi wanadhani una akili. Akina mama wanaolala pale na watoto wao ndio wanachama wengine, kwa muda watakaokuwapo.

Mwanzoni mwa mwezi ule Mkurugenzi wa hospitali alivuka barabara kwa miguu yake mwenyewe akaja. Akapewa kiti chenye mgongo, akanywa chai, akauliza hali ya mtoto mmoja mmoja. Mwishoni kabisa, kikombe kitupu mkononi, akasema hospitali inapokea mashine mpya, vifaa vyake vinahitaji stoo na mafundi wake wanahitaji ofisi, na nyumba hii ni mali ya hospitali. Tupishe mwezi ukiisha. Uso wake ulikuwa na huruma, sikatai. Huruma yenyewe ilikaa naye kwenye kiti na ikaondoka naye.

"Na watoto?" nikauliza.

"Tutaangalia utaratibu."

Tukaenda kuuona huo utaratibu. Ofisi hii ikatutuma ile, ile ikatuambia mhusika yuko kikaoni, na kila tulikokwenda Mwenyekiti alivua kofia mlangoni na kuuliza watu habari za nyumbani kwao. Tulikuwa tunatwanga maji kwenye kinu. Siku zilikuwa zinakwisha na Chiriku alikuwa bado na raundi mbele yake, zile nzito ambazo daktari alisema ndizo zinazomaliza kazi. Nikaanza kuogopa. Usingizi ulinikimbia, nikawa nagombana na wateja kwa sababu ya ukubwa wa herufi.

Palikuwa na binti mmoja mwandishi wa gazeti aliyekuwa akija dukani kutoa kopi za vyeti vyake, maana kila wiki alikuwa anaomba kazi mahali pengine. Siku moja nikamwambia yote, nikiwa nimeshikilia kopi zake nisimpe mpaka anisikilize.

"Dada, hilo ni la gazetini kabisa," akasema. "Andikeni taarifa kwa vyombo vya habari. Ukurasa mmoja, picha moja, na namba ya simu ya mtu atakayepokea. Niletee nimkabidhi mhariri."

"Ukurasa mmoja utatosha?"

"Wa pili hausomwi na mtu. Na msichelewe."

Nikamrudishia kopi zake na sikumtoza. Moyo wangu ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza mwezi ule. Nikaandika saa ya chakula cha mchana, tumbo tupu, na sentensi ya kwanza ilikuja yenyewe: Watoto wanaotibiwa saratani watatolewa nje ya nyumba yao mwisho wa mwezi huu, na wako watakaofia njiani.

Lakini chama chetu kina desturi yake. Karatasi haitoki mlangoni mpaka isomwe kwa sauti sebuleni, watu wote wakiwapo, na kila mmoja aseme "nimeridhika." Mwenyekiti ndiye aliyeianzisha ili mama yeyote asije akasema jambo limefanywa nyuma ya mgongo wake. Desturi nzuri, kwa watu wasio na haraka. Jioni tukakusanyika, akina mama na watoto mapajani, nami nikasimama nikasoma.

Mwenyekiti akavua miwani. "Katibu, salamu iko wapi?"

"Mwalimu, hii si barua ya posa. Ni taarifa."

"Hata taarifa inaingia nyumbani kwa mtu. Huwezi kubisha hodi ukaanza na njaa yako. Unasalimu, unashukuru kwa ulivyopewa, ndipo unaeleza shida, na hapo mwenye moyo anakusikiliza."

"Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia," nikasema. "Sisi ndio wafiwa. Tulie kwanza!"

"Mfiwa hulia, binti yangu. Lakini hata mfiwa humwambia mgeni karibu kiti."

Watu wakacheka kidogo, na hapo nikajua nimeshashindwa, maana mtu akishachekesha kikao amekichukua. Nesi akasema wodi ya watoto nayo ishukuriwe, asije akakosa pa kupitia. Mama mmoja akakumbusha aliyetupa magodoro. Mwingine akasema mwenye duka la pembeni anayetuletea sabuni akisoma gazeti asijione atafanya uso gani? Na hospitali je? Hospitali ishukuriwe kabla ya wote, Mwenyekiti akasema, kwa kuwa ndiyo iliyotupa nyumba miaka yote hii.

"Ndiyo inayotufukuza!"

"Mwenye nyumba hatukanwi na aliye bado ndani, Katibu. Ukimtukana leo, kesho ukamwombe nini?"

Nikamgeukia mdogo wangu. Alikuwa amekaa chini, Chiriku amemlalia begani, na alikuwa akinitazama kwa macho yale yale ya kuniombea radhi. "Dada," akasema, "tusimkasirishe Mkurugenzi. Dawa ya mtoto iko kwake." Basi. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuamua sentensi ya kwanza, ni yeye.

Hivyo taarifa ikaanza na salamu, ikafuata pongezi kwa uongozi wa hospitali kwa ukarimu wake usio na kifani, ikafuata shukrani kwa wodi, kwa mfadhili wa magodoro, kwa mwenye sabuni. Kilio chetu kikawekwa aya ya mwisho, mahali pa heshima, maana katika sherehe zote tunazozijua neno zito ndilo linalofunga. Hata hicho kilio kilivalishwa suti: kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba suala la nyumba liangaliwe upya. Nikagonga nimeuma meno. Nilipunguza ukubwa wa herufi ili yote yaingie ukurasa mmoja.

Ikabaki picha. Nikapendekeza watoto uani, chini ya kamba ya vilemba. Mwenyekiti akakataa, na safari hii hakutania. Mjukuu wake alikuwa amepigwa picha na wafadhili fulani enzi zile za barazani, na mwaka mmoja baada ya kumzika, babu wa watu anakwenda zake sokoni, akakutana na uso wa mjukuu wake kwenye bango, mkubwa kuliko mlango, ukiomba msaada. Alisimama pale mpaka watu wakamwuliza kama amepotea. "Muungwana akivuliwa nguo huchutama," akatuambia. "Mtoto si tangazo. Nyuso za watoto wetu hazitoki humu." Hakuna aliyebisha, hata mimi. Tukaweka picha pekee nzuri iliyokuwapo: Mwenyekiti na Mkurugenzi wakipeana mikono siku ya kufungua nyumba, wote wawili wanacheka hadi magego.

Kila mtu akasema ameridhika. Nami nilisema.

Nikaipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya gazeti. Mapokezi palikuwa na dada aliyekuwa akila karanga, akanionyesha kikapu cha plastiki bila kunitazama, na ndani yake mlikuwa na bahasha za watu wengine, kila moja na moto wake. Nilikataa kuiacha humo. Nilikaa kwenye benchi mpaka yule binti mwandishi akatoka, nikamtia mkononi. Akaisoma upesi, nikaona uso wake ukisita.

"Ni nzuri," akasema. "Ndefu kidogo."

"Ukurasa mmoja. Ulisema mmoja."

"Nimesema. Haya, nitajitahidi."

Ilitoka katikati ya wiki iliyofuata. Mwenyekiti alinunua nakala kadhaa akaja nazo kwapani, amevaa koti, akatuita wote sebuleni asome yeye. Akafungua ukurasa wa ndani. Picha ilikuwapo, kubwa. Juu yake pameandikwa: HOSPITALI YAPONGEZWA KWA UKARIMU. Akasoma salamu. Akasoma pongezi. Akasoma wodi na magodoro. Kisha akageuza ukurasa, akaurudisha, akageuza tena.

"Endelea, Mwalimu," Nesi akasema.

"Imeishia hapa."

Nikamnyang'anya gazeti. Ni kweli, iliishia kwenye magodoro, na chini yake palikuwa na tangazo la rangi za nyumba. Hapakuwa na neno kwamba tunafukuzwa. Aliyesoma lile gazeti nchi nzima alijua jambo moja tu kuhusu sisi, kwamba tuna furaha.

"Sisi tuko wapi?" Chiriku akauliza, amechungulia chini ya mkono wangu. "Mama mkubwa, mbona sisi hatupo?"

Mdogo wangu akamvuta akamziba mdomo taratibu. Nilitaka kupiga kelele, nikamtazama Mwenyekiti ili nipate wa kumpigia, nikakuta anazikunja zile nakala moja moja, vizuri, kama bado zina kazi. Hasira sikujua niipeleke wapi.

Niliipeleka gazetini. Yule binti akanitoa nje kwenye ngazi ili nisimwaibishe.

"Dada, mhariri hukata kutoka mkiani. Nafasi ikiwa finyu anakata chini, anakata chini, mpaka ienee. Ndiyo kazi ilivyo. Jambo lenu mngeliweka juu."

"Nililiweka juu!" Sauti yangu ilipanda mpaka mlinzi akageuka. "Wewe uliisoma. Ulikuwa na mdomo!"

Akainamisha kichwa. Nilimwona alivyokuwa mdogo, na viatu vyake vilivyoisha visigino, na hata hivyo sikumhurumia. "Nilidhani atalibakiza," akasema. "Mimi siamui."

"Basi tunaandika upya. Sasa hivi. Sentensi moja tu."

"Hawatachukua. Habari yenu imeshatoka. Nikimpelekea tena atasema hawa si tuliwaandika juzi?"

Yakawa yale ya kuku wa maskini, hatagi, na akitaga haangui. Tuliporudi kwa Mkurugenzi tulikuta ameikata ile habari akaibandika ukutani nyuma ya kiti chake. Akasimama kumpokea Mwenyekiti kwa mikono miwili. Akasema bodi imefurahi sana, kwamba si kila mtu hupokea mabadiliko kiungwana hivi, na kwamba kabla ya gazeti kuna wajumbe waliokuwa na wasiwasi juu ya watoto, lakini sasa wametulia. Wasiwasi tuliouhitaji kama dawa, tulikuwa tumeuponya wenyewe.

Mwenyekiti alishukuru kwa kukaribishwa, tukatoka. Nje, kwenye korido, akashika ukuta.

"Katibu," akasema, "niandikie ile ya kwanza. Ya kwako."

"Mwalimu..."

"Bila salamu. Futa na jina langu."

Nikaiandika. Tulizunguka nayo ofisi za magazeti na vituo vya redio, mimi na yeye, jua la utosi. Yule mzee aliyeuliza watu habari za wajukuu wao alikuwa sasa anafika kaunta na kusema, "Watoto watakufa, soma," na watu wanamtazama kama mwendawazimu. Kituo kimoja kikasema tuje na mgeni maarufu. Kingine kikauliza kama kuna aliyekufa tayari. Nikasema hapana, ndiyo maana tumekuja leo. Wakasema tuwapigie simu hali ikibadilika.

Katika siku hizo Chiriku akashikwa na homa. Nilikuwapo. Alikuwa anasimulia habari ndefu ya paka wa jikoni, mara sentensi ikakatika katikati, na sisi ambao siku zote tunamwomba anyamaze tukageuka wote kwa pamoja. Mdogo wangu hata hakugusa paji la uso. Alimbeba akatoka mbio peku, akavuka barabara magari yakimpigia honi, mlinzi wa lango akafungua bila kuuliza kwa sababu anawajua watoto wa nyumba ile. Dripu ilikuwa mkononi kabla sijamaliza kupanda ngazi za wodi. Baadaye daktari akatoka akituambia yuko salama, akaongeza bila kuulizwa kwamba wangechelewa kidogo tu, asingekuwa na la kutuambia. Mdogo wangu akakaa sakafuni pale pale. "Dada, mwisho wa mwezi nitakimbia kutoka wapi?" akaniuliza. Alitaka jibu kweli.

Mwezi ukaisha. Wafanyakazi wa hospitali walikuja asubuhi, wapole, wakibisha hodi kila chumba. Walikuwa wametumwa. Wakaanza kutoa magodoro kuyapanga nje kando ya barabara, na kwa kuwa akina mama hawakuwa na pa kwenda, wakatoka wakakaa juu yake, kila mmoja na mtoto wake na beseni lake. Chiriku alikuwa ametoka wodini juzi tu. Mdogo wangu alimfunika mdomo na pua kwa khanga, kwa ajili ya vumbi.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoona maajabu. Gari likapunguza mwendo. Jingine likasimama. Vijana wakatoa simu wakaanza kupiga picha. Haukupita muda, pikipiki ya kituo cha redio ikaja, kisha gari la televisheni lenye dishi juu, kisha watu wa lile gazeti letu, yule binti mwandishi mbele na mpiga picha nyuma yake. Karatasi zangu zote, nyayo zetu zote, hazikumleta hata mmoja. Magodoro yaliwaleta bila kuandika neno.

"Dada, mna taarifa kwa vyombo vya habari?" yule binti akaniuliza, anahema. Alikuwa na haya, lakini aliuliza. Nikatoa nakala kwenye mkoba. Akaitia mfukoni hajaisoma.

Mkurugenzi alitokea langoni. Aliona kamera. Nilimwona akizihesabu kwa macho, akawainulia mkono wafanyakazi. "Subirini kwanza," akasema. Wawili waliokuwa mlangoni na godoro wakasimama nalo hapo hapo, nusu ndani, nusu nje. Nikaelewa, na nadhani kila mama aliyekuwa pale alielewa. Kamera zikiwepo, magodoro yanasimama. Kamera zikiondoka, yanaendelea.

Mpiga picha alizunguka, akapiga migongo, akapiga mabeseni, akashusha kamera. "Hizi hazitoshi," akamwambia yule binti, kisha akatugeukia. "Nahitaji uso. Mtoto mmoja tu, bila kilemba. Bila uso, mama zangu, siwadanganyi, mtakwenda ukurasa wa ndani tena. Nikiwa na uso ni ukurasa wa mbele kesho, na bodi yote itaona kabla ya chai."

Tukamtazama Mwenyekiti. Alikuwa amesimama kando ya godoro la mwisho, kofia mkononi. Midomo yake ilicheza kama anayetafuta jinsi ya kuanza. Sikumtaka aseme ndiyo na sikumtaka aseme hapana. Mwisho akatugeuzia mgongo, akasogea mpaka ukutani, akasimama hapo anautazama ukuta, mabega yake yakitikisika. Sijawahi kumpenda mtu mzima kama nilivyompenda mzee yule dakika ile.

Nilidhani ni mimi nitakayelazimika kuchagua, kwa kuwa ndimi niliyezoea kusema. Lakini mdogo wangu alikuwa ameshapiga magoti. Hakuniangalia, wala hakumwombea mtu radhi. Alitoa ile khanga usoni mwa mwanawe, akafungua fundo la kilemba kisogoni, akakivuta. Kichwa cha Chiriku kikatokea, kidogo, cheupe kwa kukosa jua, na mshipa wa buluu unapita juu ya sikio. Mpiga picha akachutama, akarekebisha lenzi yake.

Chiriku aliitazama kamera. Mtoto yule anapenda kupigwa picha, Mungu wangu, anapenda. Tayari meno yalikuwa yameanza kuonekana, lile pengo la mbele, mashavu yamepanda. Halafu akatuona sisi tulivyosimama, akasita, akanigeukia mimi.

"Mama mkubwa," akauliza, kwa kunong'ona ili asituaibishe mbele ya wageni, "nicheke au nisicheke?"

Mimi ndiye katibu. Kazi yangu ni maneno yanayokwenda kwa watu, na nilijua lipi litakwenda ukurasa wa mbele.

"Usicheke, mwanangu," nikamwambia. "Usicheke hata kidogo."

Akafunga mdomo. Akajitahidi.